Hadithi Niliyoisimulia Mchana

Mjukuu wangu aliacha kusema siku tuliyomzika mama yake, na miezi mitatu baadaye alikuwa bado hajasema neno. Alikuwa na miaka tisa. Hakuwa bubu. Bubu anataka kusema, utamwona anahangaika, mikono inakwenda, macho yanakwenda, sauti inatokea puani. Huyu alifunga mdomo kama mtu anavyofunga mlango wa ghala, kisha akakaa mbele yake kuulinda.

Jinsi mama yake alivyokufa nitaisema upesi, maana haina urefu. Ilikuwa masika, siku ya gulio la Soni. Binti yangu alijitwika tenga la karoti asubuhi, akauza, akarudi alasiri kwa njia ya mkato inayopita chini ya shamba letu. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, ikakata asubuhi ile tu. Mteremko ulikatika, udongo wetu na karoti zetu, ukamfunika. Tulimpata kesho yake. Wanaume walichimba kwa majembe nusu ya siku, kisha mmoja akasema tuweke majembe chini, wakaendelea kwa mikono. Hakuna aliyeniambia kwa nini, na sikuuliza. Ndani ya tenga mlikuwa na sukari iliyoyeyuka na soksi nyeupe za shule, zimegeuka rangi ya udongo.

Siku hiyo ya gulio mimi na mtoto tulikuwa uani tunamenya maharage. Hilo nalitia pembeni. Nitalirudia.

Nilimpeleka hospitali. Daktari akamtazama koo, akamtazama masikio, akamwambia atoe ulimi, akautoa.

"Bibi, koo ni zima. Huyu ana majonzi. Mpe muda."

Muda ndio kitu ambacho sikuwa nacho, kwa sababu ya shangazi yake. Baba wa mtoto alikuja huku kuchuma chai, akamwoa binti yangu, akaenda kutafuta kazi nyingine na hatukumwona tena. Dada yake akabaki kwenye kambi za chai, na huyo dada alimpenda mtoto huyu kweli, sitamsingizia. Alikuja kwenye matanga, akaja tena mwezi uliofuata, akaja na wa tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu chai."

Akanywa, huku anamtazama mtoto. Mtoto alikuwa anafagia.

"Mama, huyu amefungwa ulimi. Kuna mtu amemfunga."

"Nani?"

"Ningekuwa namjua, ningekaa hapa nakunywa chai?"

Akaniambia yuko mganga huko tambarare, upande wa Korogwe, anafungua ndimi. Nilimjua mganga huyo kwa kazi yake. Mtoto wa jirani yangu wa zamani alipelekwa kwake kwa sababu ya kigugumizi. Alichanjwa ulimi kwa wembe, ukapakwa unga mweusi. Alirudi na kigugumizi chake na ulimi uliovimba mpaka mate yanamtoka, akaugua homa, na hakumaliza mwezi. Nilisaidia kumwosha.

"Hataenda," nikasema.

"Ni damu ya kaka yangu, mama. Nakuheshimu. Lakini maharage yakishavunwa kama hajasema, nitakuja kumchukua, na wazee wa upande wetu wanajua hivyo."

Maharage yalikuwa yameanza kuweka maganda. Basi nilikuwa na wiki tano, labda sita. Mtoto aseme, au ulimi wake uende kwenye wembe.

Nilikaa nikajiuliza huyu alikuwa anapenda nini alipokuwa na mdomo. Hadithi. Alikuwa mdomo mtupu, mtoto huyu. Akikosa mtu wa kumsimulia aliwasimulia mbuzi. Nilikuwa namwita mke mwenzangu, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana, naye ananijibu, "Mke mwenzangu mzee, huna hata meno, babu atakuacha." Namwambia babu yako yuko kaburini. Anasema, "Si ndiyo maana alikimbilia kule?"

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hadithi nimesoma kwa mama yangu, na yeye hakujua hata kuandika jina lake. Alisimulia huku anapika. Kwetu hadithi ni ya jioni, jua likishaingia nyuma ya mlima na moto ukiwa umewaka. Mchana ni marufuku. Mama yangu alitukataza hivyo, mama yake alimkataza hivyo. Na kwa desturi msikilizaji lazima aitikie ndipo hadithi ianze. Jioni ya kwanza nilimwita mtoto, akakaa kwenye kigoda, sikuitikiwa. Nikajiitikia mwenyewe.

Nilianza kama wanavyoanza watu wasiojua. Nilisema palikuwa na mwanamke, na nyumba yake ilijengwa na fulani, na ukoo wake ulitoka mlima fulani, naye alikuwa na mtoto wa kike. Siku moja alimwambia mtoto, linda moto huu usizimike, mimi naenda shamba. Mtoto akalala. Moto ukazimika. Mwanamke aliporudi...

Sikufika mbali zaidi ya hapo. Mtoto aliweka sahani chini, makande yake hajayagusa, akainuka akaenda kitandani. Kesho yake asubuhi hakula tena.

Nilijilaumu kama msimuliaji. Nilisema, wewe mzee, umemchosha mtoto kwa habari za ukoo na nyumba kabla hata hajamwona mwanamke anatembea. Nilikumbuka mama yangu alivyonipiga mwiko mkononi siku niliyotia chumvi kwenye makande mapema. "Maharage yakionja chumvi kabla hayajalainika yanagoma. Utachochea mpaka kuni ziishe, yatabaki mawe. Na hadithi ni hivyo hivyo. Habari za nyuma ndizo chumvi. Zinatakiwa, bila hizo hakuna ladha, lakini ngoja." Nikamuuliza, nitajuaje kama maharage yamelainika? Akasema, "Utaulizwa. Mtu akiuliza 'kwani ilikuwaje mpaka ikawa hivi,' basi tia."

Jioni ya pili nikaanza upya. Sikutaja nyumba, sikutaja ukoo, sikutaja mtoto. Nilisema mwanamke alikuwa njiani, amebeba chungu kitupu, mvua inakuja nyuma yake, na kwake hakuna moto. Anakwenda kuomba kaa la moto ng'ambo ya bonde.

Basi. Nikanyamaza nikakoroga chungu changu. Mtoto hakuondoka. Alikula nusu ya sahani.

Jambo la pili alilonifundisha mama yangu ni kuhusu mito. Huku kwetu huwezi kwenda popote bila kushuka bonde na kupanda tena, na chini ya kila bonde kuna maji. Alisema, "Mtu wa hadithi akivuka mto, ng'ambo awe amegeuka. Aliyekuwa na viatu atoke hana. Aliyekuwa peke yake atoke na mtu. Kama hakuna kilichogeuka hukumvusha, umemzungusha tu." Kwa hiyo mwanamke wangu alipata makaa kwenye nyumba ya kwanza, bila shida, watu wazuri. Akafika mtoni, jiwe likateleza, chungu kikavunjika, makaa yakalia majini, yakazimika. Sasa hana moto na hana chungu. Jioni iliyofuata nikampeleka nyumba ya pili, wakampa kaa moja akalifunga kwenye gome la mgomba, akavuka salama, ila moshi ulimwingia akapofuka jicho moja. Akapanda mlima anaona nusu ya dunia.

Mtoto alikuwa anamenya maharage wakati nasimulia, ya mwanzo mwanzo, yale mabichi. Nilijifunza kumtazama vidole. Vidole vikienda, hadithi inakwenda tu kama maji ya mfereji. Vidole vikisimama na ganda limefunguka nusu, hapo nimemshika.

Kuna jioni moja nilikuwa nimepalilia kutwa nzima, mgongo unaniuma, nikawa mvivu. Nikamtembeza yule mwanamke tu. Akatembea, akaona miti, akaona ndege, akapumzika, akatembea tena. Vidole vya mtoto havikusimama hata mara moja, na mwisho kichwa kikaangukia ukutani, akalala na maharage mapajani. Nilimfunika nikasema, haya, huo ni mto ambao hukuuvuka. Kesho yake nilimnyang'anya mwanamke kaa lake lote kwa upepo, na vidole vikasimama.

Maharage shambani yalikuwa yanakauka. Kila asubuhi nilikwenda kuyashika maganda. Nilianza kuyachukia.

Wiki ya tano mwanamke alifika nyumba ya tatu, ya mwisho, juu kabisa. Hapo anakaa bibi kizee mwenye moto mkubwa. Bibi anagawa makaa kwa kila mtu bila malipo. Ana sharti moja, anayeomba aseme kwanza moto wake ulizimikaje. Mwanamke akasema ni upepo. Akapewa kaa, likafia mlangoni. Akarudi akasema ni mgeni alikanyaga. Akapewa kaa, likafia mlangoni. Bibi akamwambia, ninayo makaa mengi kuliko wewe ulivyo na uongo, lakini kwako mvua inanyesha. Nikaishia hapo.

Ukweli wenyewe nilikuwa nao tayari mfukoni. Mtoto alilala, hakuulinda moto. Nilikuwa nimepanga kuutia kesho yake au kesho kutwa, kwa kuwa siku zilikuwa zinakwisha.

Asubuhi nilimkuta mtoto amechuchumaa mbele ya mafiga, anatazama jivu.

Mchana huo, Jumamosi, shangazi akafika. Alikuwa na mkoba mkubwa mtupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hatujavuna."

"Nimepita shambani kwako. Maharage yanapasuka yenyewe juu ya mashina, mama. Unayaacha yaoze ili nisimchukue?"

Ndivyo nilivyokuwa nafanya.

"Kesho asubuhi tunaondoka. Nimeshamwambia mganga."

"Umemwambia pia nani atamwosha?"

"Mama!" Machozi yakamtoka. "Unadhani mimi napenda? Wewe umemfanyia nini miezi yote hii? Hadithi! Watu kule kambini wananiuliza, bibi anamtibu na nini? Nawaambia anamtibu na hadithi. Wanacheka mpaka wanashika mbavu."

"Wacheke. Wana mbavu nyingi."

Mtoto alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Akaingia ndani, akatoka na soksi zake mbili na sweta, akavitia mwenyewe ndani ya ule mkoba. Shangazi akageuza uso.

Jua likaingia. Nikawasha moto, tukakaa watatu. Sikuwa na hamu ya kusimulia, nami sikuwa na jingine la kufanya. Nilikoroga chungu nikafikiri, nimeshindwa. Nilifikiri hata kumwamsha alfajiri nimfiche kwa watu wangu Rangwi, kama mwizi na mbuzi.

Ndipo nikasikia sauti. Ilikuwa nene, yenye kutu, kama ya mtu mzima mwenye mafua.

"Bibi. Nani alizima moto?"

Shangazi aliangusha kikombe. Mimi nilikaza mkono kwenye mwiko, maana nilijua nikiruka nikashangilia mlango ule utafungwa. Nilikuwa na jibu mdomoni, mtoto alilala. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kitu kikanirudisha nyuma, ile jioni ya kwanza, sahani iliyowekwa chini. Mtoto yule hakuondoka kwa sababu ya ukoo na nyumba. Aliondoka niliposema moto ulizimika mkononi mwa mtoto.

Nikamuuliza, "Wewe unadhani ni nani?"

"Mtoto wake."

"Alifanyaje?"

Alichokoa jivu kwa kijiti, nikadhani ndiyo basi. Kisha akasema, "Alisimulia hadithi mchana."

Sasa nirudi kwenye yale maharage niliyoyatia pembeni.

Siku ya gulio, saa sita, tumekaa uani tunamenya. Mtoto alikuwa anamsimulia mbuzi hadithi, kwa sauti, anaigiza na mikono, na bakuli lake lilikuwa karibu tupu. Nilikuwa na maharage ya watu ya kumaliza. Bila kuinua macho nikamwambia maneno ambayo mama yangu aliniambia mimi, na mama yake alimwambia yeye: "Nyamaza. Hadithi ya mchana humpoteza mama njia." Akanyamaza. Akamenya. Alasiri mama yake hakurudi.

Miezi mitatu na wiki tano alikuwa anaamini amemuua mama yake kwa mdomo wake. Na kwa kuwa hajui ni neno gani tena linaweza kumpoteza nani, akaamua kuyafungia yote. Mimi nilikuwa naye kila siku, namlisha, namwosha, namwombea, na ufunguo wa ule mlango niliutupa mwenyewe nikasahau hata kama niliushika.

Watu wamesimulia hadithi mchana tangu dunia kuumbwa na mama zao wakarudi. Katazo lile ni la kazi, watoto wasiache jembe wakakaa kusikiliza. Wakubwa wanalijua hilo. Hatuwaambii watoto, kwa sababu hofu inamenya maharage upesi kuliko maelezo.

Nilimwambia jioni ileile. "Si kweli. Ni maneno tu ya kufanya watoto wafanye kazi." Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayekuuzia ng'ombe mgonjwa. Kwake maneno yangu yalishatimia mara moja, kwa nini ayaamini safari hii yakisema kinyume?

Nikasema, "Basi. Hadithi haijaisha. Nitaimaliza kesho, mchana."

"Mama," shangazi akaninong'oneza, "mchana?" Mwanamke mzima, mwenye watoto wanne.

Kesho yake hatukwenda kanisani. Nilingoja jua lipande mpaka kivuli kikawa chini ya miguu yetu, nikaweka vigoda vitatu katikati ya ua, pasipo hata mti. Nilipofungua mdomo mtoto aliniwekea kiganja juu yake. Kilikuwa cha baridi.

"Bibi, usifanye."

"Mama yangu yuko kaburini miaka thelathini. Atapotea wapi?"

"Na shangazi je? Mama yake yuko hai."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamgeukia shangazi. Alikuwa amekunja mikono, midomo imekauka. Akasema, "Simulia, mama." Nilimsamehe mengi hapo.

Nikautoa mkono wa mtoto, nikausimulia mwisho.

Nilisema yule mwanamke mwenye jicho moja alirudi mara ya tatu kwa bibi kizee, akasema, sijui nani alizima moto wangu. Nilidhani ni mtoto wangu, nikamwambia hivyo, naye akaamini. Bibi kizee akauliza, juu ya mafiga yako kuna nini? Mwanamke akasema, paa. Limeezekwa na nini? Akafikiri. Akasema, zamani lilikuwa limeezekwa kwa nyasi nzito, lakini mama yangu tunayekaa naye alizing'oa nyasi za juu ya mafiga akaezekea banda la kuku wake. Alisema mvua bado iko mbali, nayo ikaingilia hapohapo. Bibi kizee akampa kaa, akatoka nalo, likavuka mlango, likavuka mto wa kwanza, likavuka wa pili.

"Kwa hiyo ni bibi," mtoto akasema.

"Ni bibi."

Hapo ningeweza kuishia, na hadithi ingekuwa imesimama vizuri. Lakini chumvi nyingine ilikuwa bado mkononi mwangu, na hiyo sikumficha mtoto tu, nimekuficha hata wewe unayesoma. Nilisema mteremko ulikatika. Sikusema kwa nini.

Nikamwambia mtoto. "Juu ya njia ile palikuwa na miti, miwati. Babu yako aliipanda kabla mama yako hajazaliwa, ishike udongo. Alipokufa niliikata. Niliuza kuni, nikang'oa visiki, nikalima mpaka ukingoni. Mama yako aliniambia mara mbili, mama, huku ukingoni pasilimwe. Nikamwambia mlima huu nimeujua kabla yake. Mvua iliponyesha siku nne, hapakuwa na mzizi hata mmoja wa kushika. Wewe hadithi yako haikufanya kitu. Mimi ndiye."

Kuku walipita. Nikadhani nimemfunga upya, na safari hii kwa haki.

"Kwa nini uliikata?"

"Nilitaka karoti."

Aliinuka, akachukua kigoda chake, akakihamisha akakiweka upande wa shangazi. Akakaa. Hakulia. Mimi nilibaki upande wangu na jua lote. Sikumwita arudi. Nilikuwa nimetaka aseme, na alikuwa amesema, na alichokuwa anasema sasa kwa kile kigoda nilikisikia.

Shangazi aliondoka alasiri, peke yake. Mganga hakuwa na kazi tena. Aliacha soksi na sweta juu ya kitanda, akajitupia mkoba mtupu begani, akaanza kushuka. Mbele kidogo njia inagawanyika. Kulia unakwenda barabara kubwa, mzunguko mrefu. Kushoto ni ile ya mkato, chini ya shamba, ambapo tope jekundu lilikuwa bado wazi kama kidonda. Shangazi alikuwa amechelewa gari. Akashika kushoto.

Mtoto alitoka mbio mpaka ukingoni mwa ua. Sijawahi kusikia mtu akipiga kelele namna ile, hata msibani hatukulia hivyo.

"Shangaziii! Pita barabarani! Usipite huko! Pita barabarani!"

Bonde likairudisha sauti yake, na wanawake waliokuwa mtoni wakasimama. Shangazi akageuka. Akainua mkono. Akarudi akashika kulia.

Baada ya hapo mtoto alikaa karibu na simu yangu. Hakuigusa, aliitazama tu, kama mtu anavyotazama maziwa motoni yasifurike. Alinipangia kila kitu kwa sauti ile yenye kutu. Sasa atakuwa Soni. Sasa amepanda gari. Sasa ameshuka kwenye kona. Alikuwa anaijua njia yote. Simu ilipolia alinipa nipokee mimi.

"Amefika?"

"Amefika. Anaosha miguu."

"Mama yake je?"

Nikauliza. "Mzima. Anasema mnamsumbua."

Akaingia ndani akalala bila kuniaga.

Ni miaka miwili sasa. Ukingoni nimerudisha miti, bado mifupi, haishiki kitu. Mtoto anasema, anasoma kwa sauti darasani, mwalimu hana malalamiko. Hajaniita tena mke mwenzangu. Ananiita bibi, kwa adabu, na mimi sikuzoea adabu kutoka kwake. Na hajasimulia hadithi, si jioni wala mchana, si kwa mtu wala kwa mbuzi.

Mimi nasimulia. Nasimulia mchana makusudi, uani, na kila mara naona anawahesabu watu wa nyumba kwa macho, nani yuko, nani katoka, atarudi kwa njia gani. Juzi tulikuwa tunamenya maharage, jua la saa sita, namsimulia habari za mtu mmoja aliyekwenda kutafuta mbegu. Mgongo ulikuwa unaniuma, nikamvusha mto, nikamvusha mwingine.

Bila kuinua macho kwenye bakuli lake akasema, "Bibi, huyo amevuka mito miwili na hakuna kilichogeuka."

Nikamrudisha mtu wangu mtoni. Nikamvusha upya, akatokea ng'ambo hana mbegu.

Vidole vyake vikasimama.